Huu utafiti mnamfanyia nani?

Wiki iliyopita mhariri wangu alinituma kwenda kuandika habari ya warsha. Hoteli yenyewe ni ya zile ambazo ukifika getini kwa bodaboda mlinzi anakuangalia mara mbili. Mada ilikuwa mafuriko na maisha ya watu wa mabondeni Dar es Salaam. Kulikuwa na mabegi yenye nembo nne, chai ya saa nne yenye sambusa za nyama, chakula cha mchana cha kujipakulia, na bahasha mwisho wa siku. Watafiti walikuwa watatu, wasomi wa kweli, sina utani nao kabisa. Slaidi zilikuwa sitini na kitu. Nilizihesabu kwa sababu sikuwa na la kufanya.

Wakati wa maswali nikanyoosha mkono. Nikauliza: humu ukumbini kuna mtu hata mmoja anayeishi bondeni? Kimya. Mwenyekiti wa kikao akatabasamu, akasema swali zuri sana, na kwamba wadau wa ngazi ya jamii watafikiwa katika awamu inayofuata. Nikauliza awamu inayofuata ni lini. Akasema itategemea fedha. Halafu akampa nafasi mwenye swali lingine.

Jamani! Watu wamefuatwa majumbani kwao, wameulizwa maji yalifika wapi, walipoteza nini, walilala wapi, wanakula mara ngapi kwa siku. Wamejibu yote. Majibu yao yamefika hotelini bila wao, yatapanda ndege kwenda kwenye kongamano, yatachapwa kwenye jarida ambalo kulisoma makala moja ni dola thelathini na kitu. Mtu mwenyewe aliyetoa jibu yupo palepale, anachungulia mawingu. Mvua ikinyesha anapandisha godoro juu ya meza kama alivyofanya mwaka jana.

Sasa kabla hamjasema huyu mwandishi ana chuki na wasomi, niwaambie kwamba mimi mwenyewe ni mmoja wa wezi hao. Nasema mwizi na sijakosea neno.

Mwaka wa tatu chuoni, mwanzoni mwa 2021, nilifanya tasnifu juu ya mama ntilie waliokuwa wakipika pembeni ya barabara moja kubwa ya kuingia mjini. Nilikwenda na dodoso langu la kurasa sita. Nikahoji akina mama 64. Ukitaka kujua nini maana ya subira, kamhoji mama ntilie saa sita mchana. Ana masufuria matatu motoni, wateja kumi na wawili wanadai maharage, na wewe unamuuliza kwa kipimo cha moja hadi tano anaridhika kiasi gani na mazingira ya biashara. Mmoja wao, mama wa makamo, alikuwa ananijibu huku anapakua. Nilipomaliza ukurasa wa sita akaniuliza, "Majibu lini, mwanangu?" Nikamwambia mama, nikishamaliza nitayaleta. Akasema, "Haya. Mwenzako wa mwaka juzi naye alisema hivyo hivyo."

Nilipata B+. Tasnifu ikafungwa kwa jalada jeusi lenye maandishi ya dhahabu, nakala moja ikaenda idarani, na huko idarani (chuo sikitaji, wenyewe wanajijua) iliwekwa kwenye rundo sakafuni nyuma ya mlango, maana kabati lilikuwa limejaa. Akina mama sikuwarudia.

Mwishoni mwa 2021, kama mnakumbuka, wamachinga na mama ntilie waliondolewa pembezoni mwa barabara za Dar es Salaam. Sina nia ya kufungua upya ule ubishi wa nani alikuwa na haki, barabara ni barabara. Ninachokisema ni hiki. Wakati halmashauri zinahangaika kuwapangia watu maeneo mapya, na akina mama wanalia redioni kwamba huko wanakopelekwa hakuna mteja, mimi nilikuwa na majibu ya akina mama 64 kwenye kompyuta yangu. Swali la 31: kama ingebidi uhame, ungehamia wapi? Swali la 32: kwa nini? Swali la 27: umelipia kitambulisho cha mjasiriamali? (Kile cha shilingi 20,000 kilichoanza kutolewa Desemba 2018, mnakikumbuka.) Wengi walikuwa wamelipia. Wengi walijua hasa wangehamia wapi, na sababu zao zilikuwa na akili kuliko tasnifu yangu nzima: karibu na kituo cha daladala, karibu na bomba la maji, si mbali na eneo la ujenzi. Hakuna mtu aliyeniuliza, na mimi sikumpelekea mtu. Hata wao wenyewe hawakuwa nayo karatasi ya kwenda nayo kwa mtendaji wa kata na kusema tupo 64, hiki ndicho tunachosema.

Hapo ndipo ninapoanzia hoja yangu.

Kuna namna nyingine ya kutafiti. Wataalamu wanaiita utafiti tendaji, wengine utafiti shirikishi, na mara nyingi yote mawili kwa pamoja. Wazo lenyewe halina uchawi. Wenye tatizo wanakaa na mwenye mbinu za utafiti, wanakubaliana swali ni lipi, wanakusanya taarifa pamoja, wanazichambua pamoja, wanajaribu kufanya kitu, wanaangalia kimetokea nini, wanauliza tena. Matokeo hayasubiri awamu inayofuata kwa sababu wenye matokeo walikuwepo tangu mwanzo. Jina la utafiti tendaji watu hupenda kulihusisha na Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyetoka Ujerumani akaenda Marekani, aliyeandika juu yake mwaka 1946. Sawa. Lakini ule upande wa ushirikishi, ule unaosema mwanakijiji naye ni mtafiti, unajua ulikomaa wapi?

Ulikomaa hapa. Tanzania. Na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu katika miaka mitatu ya chuo, pamoja na kozi mbili za mbinu za utafiti, hakuna aliyeniambia. Nililijua nikiwa tayari kazini, nikitafuta kitu kingine kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na ofisi ikiitwa BRALUP, iliyoshughulika na rasilimali na mipango ya matumizi ya ardhi. Pale alikuwepo mama mmoja wa Kifini, Marja-Liisa Swantz. Huyu hakuja kwa warsha. Alikuja Tanganyika mwaka 1952 kufundisha, na miaka ya 1960 aliishi Bunju akijifunza maisha ya Wazaramo kwa kukaa nao, si kwa kuwatembelea. Alipoingia BRALUP akaanza kuwatoa wanafunzi wa Mlimani darasani kwenda kutafiti pamoja na wananchi. Kisha ukaja mradi wa Jipemoyo, kuanzia 1975, katika upande wa magharibi wa wilaya ya Bagamoyo, ukiunganisha Wizara ya Utamaduni ya hapa na Akademia ya Finland. Watafiti walikuwa Wafini na Watanzania, na kazi ilihusu utamaduni na maendeleo: ufugaji, ngoma, kuhamia vijijini, kazi za wanawake. Jina lenyewe tu, Jipemoyo! Linganisheni na majina ya miradi ya siku hizi, herufi kubwa saba ambazo hata anayeusimamia hawezi kuzitamka bila kusoma.

Wakati huohuo, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa na Mmarekani kijana, Budd Hall, na baadaye Mtanzania Yusuf Kassam. Hiyo ni taasisi iliyoendesha kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 wakikaa katika vikundi kusikiliza redio, kujadiliana na kisha kutoka nje kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Paulo Freire mwenyewe alipita Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka hiyo. Katika joto hilo ndipo Hall na wenzake wakaanza kuandika kuhusu utafiti shirikishi kama njia yenye jina lake, na mwaka 1975 jarida la kimataifa la elimu ya watu wazima, Convergence, likatoa toleo zima juu yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kukawa na mtandao wa kimataifa wa utafiti shirikishi, wenye vituo Kanada, India, Uholanzi, Amerika ya Kusini na... Tanzania. Julai 1979 warsha ya Afrika nzima ilifanyika wapi? Mzumbe. Kassam na Kemal Mustafa, aliyekuwa mmoja wa watafiti wa Jipemoyo, wakahariri kitabu kilichotokana nayo, kikatoka 1982.

Sasa turudi leo. Mwaka 2012 UNESCO ilianzisha kiti cha uprofesa cha utafiti unaofanywa pamoja na jamii. Kilikwenda kwa watu wawili: Budd Hall, akiwa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, na Rajesh Tandon wa shirika la PRIA, New Delhi. Nawaheshimu wote wawili. Lakini hebu itazameni hiyo ramani. Kanada ipo, India ipo. Mbegu iliyooteshwa Dar es Salaam na Bagamoyo ina miti mikubwa kwa watu, na sisi tunaletewa matunda yake kwenye kopo, tunayaita mbinu shirikishi, tunayafanyia semina ya siku tatu Morogoro kwa posho.

Kwa nini tuliacha? Ziko sababu za kweli na siwezi kumlaumu mtu mmoja. Miaka ya 1980 uchumi ulianguka, mshahara wa mhadhiri ukawa hautoshi kununua unga hadi mwisho wa mwezi, wasomi wakaenda Botswana na Lesotho, na waliobaki wakajifunza kuishi kwa ushauri elekezi. Mahmood Mamdani, ambaye miaka ya 1970 alifundisha Mlimani, alilisema vizuri mwaka 2011 akiwa Makerere: mshauri elekezi anatafuta jibu la swali aliloletewa na mteja, wakati kazi ya mtafiti ni kulitunga swali lenyewe. Mimi naongeza moja. Kuna mtu wa tatu ambaye hata Mamdani hakumpa nafasi kubwa, naye ni yule anayeishi ndani ya swali. Mama ntilie ana swali lake tayari. Haliulizi kwa lugha ya dodoso tu.

Sababu ya pili ni kupanda cheo. Mhadhiri anapandishwa kwa makala zilizochapishwa kwenye majarida yanayotambulika, na majarida hayo karibu yote ni ya Kiingereza na mengi ni ya nje. Ukikaa na wakazi wa Jangwani miaka miwili mkachimba mfereji na mkaandika kijitabu cha Kiswahili kinachoeleza mfereji ule umepunguza maji kwa nyumba zipi na zipi umeziongezea, mbele ya kamati ya kupandisha vyeo umefanya nini? Umeshinda juani. Mwenzako aliyekaa ofisini akachambua takwimu za watu wengine anaitwa Profesa Mshiriki. Sasa mtu mwenye watoto wanaosoma utamwambia achague lipi?

Niliyaandika haya kwa ufupi kwenye ujumbe nikamtumia mwalimu wangu mmoja wa zamani, tunaheshimiana sana. Akanijibu: "Bwana mdogo, huo si utafiti. Huo ni ustawi wa jamii." Nimekaa na jibu hilo siku nne.

Mwalimu, kwa heshima zote, sikubaliani nawe. Mwaka 1975 Swantz na wenzake wawili wa BRALUP walitoa ripoti kuhusu utapiamlo wa watoto wilaya ya Moshi. Fikiria, Uchagani, kwenye kahawa na ndizi na shule kila kona, na watoto wana utapiamlo. Jibu la wengi lilikuwa rahisi: akina mama hawana elimu ya lishe, wafundishwe. Waliokwenda kukaa na familia zenyewe wakatoka na jibu jingine. Kiini kilikuwa cha kiuchumi na kijamii: nani ana shamba na nani hana, nani anashika fedha ndani ya nyumba, mama anabebeshwa mzigo gani. Sasa niambie, kati ya majibu hayo mawili lipi ni la kisayansi zaidi? Lile la wataalamu waliodhani wanajua, au lile la waliouliza wenye watoto? Kumshirikisha mtu si huruma. Ni kukataa kuandika uongo wenye takwimu.

Ila sitaki nidanganye kwamba zamani kila kitu kilikuwa asali. Jipemoyo ilifanya kazi katika vijiji ambavyo watu wake walikuwa ndiyo kwanza wamehamishwa na Operesheni Vijiji, wengine kwa nguvu. Unamshirikisha vipi mtu katika kuamua maendeleo yake wakati hata mahali nyumba yake ilipo ameamuliwa? Na wasomi wa hapa hapa waliihoji njia hii tangu mwanzo. Deborah Bryceson na huyo huyo Kemal Mustafa waliandika wakiudai utafiti shirikishi uwe na nadharia, usijifiche nyuma ya neno wananchi. Walikuwa na haki. Kijiji si mtu mmoja. Ukiitisha mkutano wa mtaa anayezungumza ni mwenyekiti, baba mwenye nyumba tatu, na yule kijana anayegombea udiwani. Mpangaji hasemi. Mama ntilie yuko jikoni. Na tusisahau posho, maana sasa hivi hata mwananchi ukimwita kwenye kikao anauliza nauli iko wapi, na nani alimfundisha? Sisi.

Kwa hiyo sisemi turudi 1975. Nasema tuchukue kilichokuwa chetu tukifanyie kazi na akili za sasa.

Na inawezekana, kwa sababu imefanyika mbele ya macho yetu. Mwaka 2011 Tandale kwenye ramani ilikuwa doa tupu, watu maelfu kwa maelfu na hakuna kichochoro kilichochorwa. Agosti mwaka huo wanafunzi wa mipango miji wa Chuo Kikuu Ardhi wakaingia na vifaa vya kupimia, wakatembea na wakazi, wakachora. Desemba ya mwaka huo huo Dar es Salaam ikapata yale mafuriko yaliyoua watu wapatao 40. Mwaka 2015 ukaja Ramani Huria, safari hii wanafunzi wa Ardhi na wa Mlimani pamoja, na Tume ya Sayansi na Teknolojia, Msalaba Mwekundu na Benki ya Dunia nyuma yao. Mzee wa mtaa anasimama mlangoni anaonyesha kwa mkono: mwaka ule maji yalifika hapa kwenye dirisha, mfereji huu ulizibwa na jirani, pale ndipo tunapovukia. Mwanafunzi anaingiza kwenye simu. Ramani inachapwa kubwa, inarudi kwenye kata. Fungua OpenStreetMap leo, vichochoro vya Tandale vipo. Mimi hiyo naiita elimu ya juu.

Lakini angalieni ilivyokwisha. Fedha zilikuwa za nje, na vijana waliotoka kwenye kazi ile wakaanzisha asasi yao, OpenMap Development Tanzania, wanafanya kazi nzuri. Nawapongeza kwa moyo wote. Ninauliza tu: kwa nini ujuzi ule uliishia kwenye asasi badala ya kuota mizizi chuoni? Kwa sababu chuoni ulikuwa mafunzo kwa vitendo ya wiki kadhaa, ile tunayoiita fildi, unapewa alama, unarudi kusoma madesa.

Hali ni hiyo hiyo ukienda kwa Sokoine. Kati ya 1999 na 2004, kwa msaada wa Japani kupitia JICA, SUA ilifanya kazi na wakulima wa Umatengo, wilaya ya Mbinga, na wa milima ya Uluguru. Walianza na kile Wamatengo walichokijua tayari, yale mashimo ya ngolo wanayochimba kwenye miteremko mikali ili udongo usichukuliwe na mvua. Badala ya kumfundisha mkulima kilimo cha kisasa wakamuuliza kwanza. Sasa mwanafunzi wa Ardhi aliyeshughulika na maji ya Msimbazi na mwanafunzi wa SUA aliyeshughulika na maji ya Mbinga wamewahi kukutana wapi? Hawajawahi. Kila chuo kinagundua gurudumu lake, kinalipaka rangi yake, linakufa na mradi wake.

Ndiyo maana nasema mtandao. Na nikisema mtandao sizungumzii intaneti. Nyaya tunazo, kuna hata TERNET ya kuunganisha vyuo na taasisi za utafiti kwa mawasiliano. Mtandao wa watu ndio hatuna.

Nauona hivi. Kila chuo kikuu kina majirani. Mlimani ina Msewe na Changanyikeni na Ubungo, UDOM ina Ng'ong'ona na Makulu, SUA ina Uluguru yote. Chuo kichague mitaa au vijiji vichache na kiseme kwa maandishi: hapa tutakuwepo miaka kumi, mradi uwepo usiwepo. Mwanafunzi akija kwa tasnifu hachukui mada hewani, anakuta daftari la maswali ambayo wakazi wenyewe wameyaandika, anachagua moja. Wa mwaka unaofuata anaanzia alipoishia mwenzake. Fikirieni idadi ya wanafunzi wa mwaka wa tatu wa nchi nzima wanaoandika tasnifu kila mwaka. Hilo ni jeshi! Tayari tunalilipa kwa bumu. Halihitaji mfadhili, linahitaji mpangilio tu.

Kisha vyuo viwe na ghala moja la matokeo, kwa Kiswahili, kurasa nne nne, ambalo mtendaji wa kata Mbinga anaweza kulifungua kwa simu akaona wenzake wa Vingunguti walifanya nini na taka. Na kanuni moja ambayo ningeipigania hadi mwisho: tasnifu isisahihishwe mpaka mwanafunzi alete ushahidi kwamba aliyarudisha matokeo kwa waliohojiwa na wao walisema nini. Waliobisha waandikwe kwamba wamebisha. Ningekuwa nimefungwa na kanuni hiyo 2021, nisingekuwa naandika haya leo.

Kuhusu vyeo, kamati za vyuo zina uwezo wa kubadili vigezo vyao, hakuna Biblia wala Msahafu uliosema makala ya London ina uzito kuliko kijitabu cha Kiswahili kilichopitiwa na wasomi wenzako na kutumiwa na kata nzima. Waanze na asilimia fulani. Tutabishana ni ngapi.

Najua kuna watakaosema wananchi wakianza kutafiti wenyewe serikali haitapenda. Inawezekana. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikawa kosa kuchapisha takwimu zinazopingana na zile rasmi, wasomi wengi wakanyamaza, mpaka ilipolegezwa 2019. Lakini hapo nani ana nguvu zaidi? Mhadhiri mmoja mwenye karatasi yake, au vyuo kumi pamoja na wakazi ambao takwimu ni zao, wanaojua kila nyumba iliyohesabiwa? Ukiwa peke yako unaitwa mchochezi. Mkiwa mtandao inabidi mjibiwe. Kama ni hivyo basi hofu ya serikali ni sababu ya kuungana, si ya kukaa kimya.

Baada ya ile warsha sikuandika habari. Mhariri aliniuliza iko wapi nikamwambia haikuwa habari, akaninunia. Bahasha niliipokea, nisijifanye malaika. Jumamosi nikaitoa tasnifu yangu sandukuni nikaenda nayo mpaka pale barabarani. Hakuna meza hata moja, kuna maua na vibao vya kukataza biashara. Muuza vocha mmoja alinipa namba ya simu ya yule mama wa "majibu lini". Sasa hivi anapika Mbagala.

Nikapiga. "Shikamoo mama." "Marahaba, nani mwenzangu?" Nikajieleza, mwaka 2021, yule kijana wa makaratasi. Akafikiri kidogo. "Aaa, wa moja mpaka tano!" Akacheka. Nikamwambia mama, majibu ninayo, naomba nikuletee. Akanyamaza, nikasikia mwiko unagonga sufuria. Akauliza kama kwenye hayo majibu yangu nimeandika kwamba wao walisema wapewe pale nyuma ya kituo cha daladala. Nikamwambia ndiyo, ukurasa wa 43, watu 38 walisema hivyo.

"Thelathini na nane," akasema. "Na siku ile tumekwenda ofisini wakatuambia hakuna hata mmoja aliyewahi kusema anataka pale."

Nimemwahidi kwenda Jumanne, saa tisa, wateja wakipungua. Amesema kuna wenzake tisa kutoka kule barabarani ambao wapo Mbagala hiyo hiyo, atawaita. Nipeleke nakala kumi, na ziwe za Kiswahili. Nimeanza kutafsiri jana usiku.